Grupu lina watu 230 ila limelala, nianzie wapi? Jibu kwa dada wa Mwanga, Kigoma

Dada mmoja wa Mwanga hapa Kigoma mjini, anauza dagaa na mawese ya kupaki, kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha: "Nina grupu la WhatsApp la wafanyabiashara, tuko watu 230. Nilitaka tufundishane kuongoza biashara na kukua, lakini limebaki la salamu za asubuhi, matangazo na michango ya misiba. Tuliwahi kuita semina watu wakajaa, baada ya hapo kimya. Humo ndani kuna washindani wangu kabisa, siwezi kuwatolea siri zangu. Kuna wanaotaka tuchangishane pesa tukopeshane, na kuna mzee mmoja mfanyabiashara mkubwa anasema asipokuwa yeye mwenyekiti hakuna kitakachosimama. Nianzie wapi, na je tusajili kwanza?"

Dada yangu, kwanza hongera, maana kukusanya watu 230 wa biashara kwenye mji huu sio kazi ndogo, na pole pia, najua inavyouma. Jibu langu kwa kifupi: hilo grupu liache liendelee kama lilivyo, alafu humo humo chagua watu nane mpaka kumi wa biashara tofauti tofauti, mkutane ana kwa ana mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima, kila kikao mtu mmoja aweke mezani tatizo lake la kweli na mwezi unaofuata aje aseme alifanya nini. Pesa, katiba, usajili, mwenyekiti, vyote hivyo visubiri. Sasa najua wengi watasema kumi ni wachache mno, ngoja nieleze.

Hebu fikiria nani ataandika mbele ya watu 230 kwamba mwezi huu kodi ya fremu imemshinda. Humo yumo mwenye fremu wake, yumo shemeji yake, yumo anayemdai, na Kigoma hii ukikohoa Gungu mpaka Ujiji wameshajua. Kwa hiyo watu wanaandika kile ambacho hakiwezi kuwadhuru, yaani salamu, tangazo la bidhaa mpya na pole za msiba, na hapo hamna wa kumlaumu, ukubwa wa kundi ndo umewafikisha hapo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwenye biashara ni hivyo hivyo, usipoonyesha mahali panapokuuma hakuna wa kukusaidia, ila na wewe huwezi kujifunua sokoni, unatafuta chumba chenye watu wachache unaowaamini.

Na hili sisemi kwa kubuni. Kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa Jing Cai na Adam Szeidl, ulichapishwa 2018, ulifanyika Nanchang huko China. Walichukua kampuni changa 2,820, kwa kura wakagawa, wengine wakawekwa kwenye vikundi vidogo vya kama watu kumi wakutane kila mwezi kwa mwaka mmoja, wengine wakaachwa waendelee na maisha yao bila vikao. Waliokutana mauzo yao yalipanda kwa asilimia 8.1 ukilinganisha na wasiokutana, faida nayo ikapanda, wakapata wabia wengi zaidi, wakakopa zaidi na hata namna yao ya kuendesha biashara ikawa bora, na mwaka mmoja baada ya vikao kuisha tofauti ilikuwa bado ipo.  Walikuwa wanakutana wanaongea, basi.

Mle ndani kuna mambo matatu yanayokuhusu wewe moja kwa moja. La kwanza, wamiliki walipeana taarifa za maana hasa pale ambapo hawakuwa washindani. La pili, waliobahatika kuwekwa na wenzao wenye biashara nzuri zaidi walikua zaidi. La tatu, vikao vya kurudiana watu wale wale vilizaa ushirikiano wa kibiashara kuliko mikutano ya mara moja. Hilo la tatu ndo jibu la semina yako. Watu walijaa, wakapiga picha, wakabadilishana namba, wakaondoka, na namba ya mtu uliyekutana naye mara moja huwezi kuipigia ukasema naomba mzigo nitalipa wiki ijayo. Imani inakuja ukishamwona mtu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, anakuja kwa wakati na alichoahidi amefanya. China sio Kigoma, na biashara zao nyingi ni kubwa kuliko zetu, ila hayo mambo matatu mimi nayaona hapa kila siku.

Kwa hiyo kuchagua watu ni kazi, usiifanye haraka. Wa dagaa uwe wewe peke yako. Tafuta mwenye mgahawa, mwenye vifaa vya ujenzi, mwenye bajaji, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye duka la dawa, anayetengeneza sabuni, mwenye shule ya chekechea, anayepeleka mizigo Bujumbura au Kalemie. Wasiwe wote umri mmoja, wasiwe wote wa kanisa moja au msikiti mmoja, wasiwe ukoo. Wawili watatu wawe wamekutangulia kidogo, wenye wafanyakazi kumi wakati wewe una watatu, maana huyo matatizo yako kayapitia juzi na bado anayakumbuka. Tajiri aliyekuacha mbali sana atakuambia maneno mazuri ila hayatakufaa kesho asubuhi dukani.

Washindani wako usiwatupe. Yapo mambo ambayo peke yako huyawezi, mfano mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, wauza dagaa wote mlikuwa kwenye shida ile ile na mlihitaji kukaa pamoja kupanga akiba ya mzigo, kuongea na halmashauri, kuuliza ni lini litafungwa tena. Au ubora, dagaa wa kuanika kwenye mchanga na wa kuanika kwenye vichanja hawafanani bei, na mmoja wenu akipeleka Dar mzigo wenye mchanga jina la dagaa wa Kigoma linaharibika kwenu wote. Hayo kaeni washindani myaongee, lakini kikao hicho ni kingine, cha sekta, kinaitwa kukiwa na jambo. Na hapo chunga kitu kimoja, msikae mkapatana bei ya kuuzia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, hata kama mmekubaliana kwa nia njema juu ya kikombe cha chai.

Sasa siku ya kukutana. Mji wetu unaendeshwa na ziwa, wakati wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, watu wa Kibirizi na Katonga kule ufukweni hawana usingizi, mitumbwi inaingia alfajiri na mzigo unatakiwa uanikwe uuzwe, na sio wenye dagaa tu, hata mgahawa na bajaji wanafuata pesa ya dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, mji unapoa. Wekeni kikao chenu hizo siku za mbalamwezi, hesabuni mapema mwaka mzima muandike kwenye kalenda ya ukutani. Nimeona vikundi vinakufa kwa sababu tu vilipanga "Jumamosi ya kwanza ya mwezi" kama ofisini, alafu Jumamosi hiyo inaangukia katikati ya giza wanakuja watu watatu, wakija watatu mara mbili kikundi kimekwisha. Saa nayo iangalieni, mkiweka usiku akina mama wengi mtawakosa, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni inafaa.

Kikao chenyewe sasa, hapa ndo naomba usome taratibu. Saa mbili zinatosha. Robo saa ya kwanza, aliyeleta tatizo mwezi uliopita anasema alifanya nini na nini kimetokea, na kama hakufanya kitu aseme hivyo hivyo, hakuna kumzomea. Kisha mwenye zamu ya leo anaeleza lake kwa dakika kumi, na anamaliza kwa swali moja, "naomba mnisaidie kufikiri juu ya hili". Baada ya hapo nusu saa nzima ni maswali tu, hairuhusiwi ushauri. Hii ni ngumu kwa sisi Waswahili, tunapenda kushauri, mtu hajamaliza sentensi umeshamwambia fukuza huyo, fungua tawi lingine. Jizuieni. Maswali yakiisha ndo kila mmoja anasema yaliyomkuta yeye, "mimi ilinitokea hivi nikafanya hivi ikawa hivi", bila kusema "ungefanya". Mwisho mwenye zamu anasema kabla ya kikao kijacho atafanya nini, inaandikwa kwenye daftari na tarehe. Dakika zinazobaki ni za oda, nani anatafuta nini, nani anauza nini.

Nikupe mfano niliouona. Kikundi kimoja kilikuwa kinakaa nyuma ya duka pale pale Mwanga, kreti za soda ndo viti. Siku hiyo zamu ilikuwa ya jamaa mwenye bajaji kadhaa, akasema madereva wananiibia, hesabu wanayotakiwa kuniletea kila siku haifiki, kila siku wanakuja na pungufu na visingizio. Watu wote wakachachamaa, mmoja akasema funga kifaa cha kufuatilia gari, mwingine akasema nitakutafutia madereva wengine, mwenyekiti wa zamu akawanyamazisha, maswali tu. Mama wa mgahawa akauliza taratibu, "Hiyo hesabu uliipanga lini?" Jamaa akafikiri, akasema zamani kidogo. "Mafuta wakati huo yalikuwa bei gani?" Kimya. "Ulivyoipanga uliwaita madereva mkakaa, au uliwatangazia?" Yule bwana akainamisha kichwa, akacheka peke yake, akasema nimeelewa. Mwezi uliofuata akaja akaeleza kwamba aliwaita madereva, wakapiga hesabu pamoja ya mafuta na siku za matengenezo, wakapanga kiwango kipya, mmoja kweli alikuwa mwizi akaondoka, waliobaki wanaleta hesabu yote. Hakuna semina ya uongozi ingemfundisha hilo kwa namna lilivyomwingia siku ile, na waliokuwa wameketi kwenye kreti nao walienda kukaa na wafanyakazi wao, najua wawili waliofanya hivyo wiki hiyo hiyo.

Njia hii ya kuulizana maswali ina historia yake. Mwingereza mmoja, Reg Revans, aliyeshughulikia mafunzo kwenye sekta ya makaa ya mawe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliwakutanisha mameneja wa migodi kwenye vikundi vidogo waulizane juu ya matatizo ya migodi yao wenyewe badala ya kuwajazia wahadhiri, kwa imani kwamba mtu hajifunzi mpaka ameenda kufanya na kurudi kusema ilikuwaje. Ndo maana nakazania ile robo saa ya mwanzo. Kikundi kikiiacha kinageuka kijiwe cha stori.

Uliuliza kuhusu kufundishana uongozi. Uenyekiti uzunguke, kila kikao mtu mwingine. Kumkatisha mtu mzima anayeongea sana bila kumvunjia heshima, kumfanya binti mkimya aseme, kumaliza kwa wakati, kusikiliza jambo linalokuudhi bila kuruka, huo ndo uongozi wenyewe na unafanyiwa mazoezi hapo hapo mbele ya watu watakaokuambia ukweli ukimaliza. Alafu muwe na kipimo kimoja ambacho kila memba anajiuliza kila baada ya muda: nikipanda treni leo kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200, nikakaa huko wiki mbili, duka litaendeshwa? Wengi wetu jibu ni hapana. Bei ziko kichwani kwetu, wadeni wako kichwani, ufunguo wa stoo uko kiunoni. Biashara ya namna hiyo haikui hata ukiipa mtaji, maana mwenye nayo ni mmoja na siku ina saa 24. Kwa hiyo wekeni zamu za maswali haya, nani umemfundisha kununua mzigo, nani anajua kufunga mahesabu ya jioni, mfanyakazi akikosea unamwambiaje. Wewe mwenyewe naona zamu yako ya kwanza iwe hii, dada, kwa jinsi ulivyoniandikia unaonekana unafanya kila kitu peke yako.

Wageni walikeni, ila kila baada ya vikao vitatu hivi, na waje kujibu swali lenu, wasije kuhutubia. SIDO wapo mkoani, hao tangu 1973 kazi yao ni viwanda vidogo, waite mnapokuwa na swali la kupaki au mashine. TBS, shirika la viwango, kama mtu anataka alama ya ubora. TAFIRI wana kituo hapa Kigoma, watafiti wa samaki wa ziwa letu wako jirani na wengi wetu hatujawahi kuwauliza chochote. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, kwa mambo ya masoko ya nje. Mgeni apelekewe swali wiki moja kabla, kwa maandishi.

Pesa. Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo panapoua. Mwaka wa kwanza msichangishane pesa ya kukopeshana. Sio kwamba VICOBA ni vibaya, vimesomesha watoto wengi hapa Kigoma, lakini ukishamkopesha mtu hawezi tena kukuambia biashara yake inayumba, atakuficha mpaka siku ya marejesho, na wewe mdai hutasikiliza kwa sikio la kumsaidia. Vikundi viwili vya watu wale wale, kimoja cha pesa na kimoja cha kufikiri, vinaharibiana. Wanaotaka waanzishe VICOBA chao pembeni, wajue tu kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivyo daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kazi ambayo halmashauri inaifanya kwa kukasimiwa na Benki Kuu. Nyie changeni ya chai na daftari tu. Baadaye mkianza kuuziana na kufaidika, hapo wekeni kidogo ya elimu kila mwezi. Wale waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza na kiduka mwaka 1844, walifika mahali wakawa wanatenga asilimia 2.5 ya faida kwa elimu ya wanachama, maktaba na chumba cha kusomea, na mpaka leo elimu ni mojawapo ya kanuni saba za ushirika duniani.

Na mtauziana, hilo halina haja ya kulazimishwa. Mtengeneza sabuni anahangaika kutafuta mawese kwa madalali huku mwenye mawese kakaa naye kreti moja. Fundi wa kuchomelea anatengeneza vichanja vya kuanikia, wa shule anataka chakula cha watoto. Ila msiweke sharti kwamba memba lazima anunue kwa memba, mzigo mbaya ukirudishwa urafiki unaisha, kila mtu abaki huru kununua anapoona panafaa.

Grupu la watu 230 nalo litumieni. Liwe ubao wa matangazo, mpeni admin mwingine alisimamie, siku moja kwa wiki ya matangazo. Kila mwezi wekeni humo jambo moja mlilojifunza bila jina la mtu wala biashara. Watakaovutiwa watauliza, na hapo mnawasaidia waunde kikundi chao cha pili, cha tatu, kila kimoja watu kumi. Nyie msiongezeke, akiondoka mmoja ndo aingie mmoja. Vikundi vikiwa vingi, mara mbili kwa mwaka kutaneni wote, hapo ndo mtakuwa na jumuiya ya wafanyabiashara wa Kigoma, imejengwa kutoka chini na watu wanajuana kwa majina.

Siri ya kikao ni sheria moja tu ya maandishi ninayoitaka kwenu: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, hata mume au mke nyumbani hapelekewi. Atakayevujisha anaondoka, hata awe nani.

Usajili ni rahisi kuliko watu wanavyouogopa na sio wa leo. Swali ni mnasajili ili mpate nini. Mkitaka ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, mnaenda kwa afisa maendeleo ya jamii kama kikundi cha sifa hizo. Mkitaka kununua na kuuza kwa pamoja mnafikiria ushirika. Mkitaka kukaa mkafikiri na kusaidiana, hamhitaji cheti chochote kuanza kikao cha mbalamwezi ijayo.

Imebaki kwa mzee wako. Usigombane naye, na usimpe uenyekiti wa kudumu, maana akishaupata wenye biashara ndogo hawatafungua mdomo na kikao kitakuwa cha kumsikiliza yeye. Nenda kamwone nyumbani, na heshima zote, mwambie mzee shikamoo, tumeanza kikundi kidogo cha kujifunza, uenyekiti ni wa zamu kila mwezi, tunaomba kikao cha tatu uje uwe mgeni wetu, na swali letu kwako ni hili: mwaka gani ulikaribia kabisa kufunga biashara, na ulitokaje? Wazee wengi wa biashara hawajawahi kuulizwa hivyo, wanaulizwa tu wachangie. Akikubali, siku hiyo mwenye zamu asogezwe mwezi unaofuata, mzee apewe saa mbili zote, na daftari liwe mkononi.